Leni ya Sita Isiyosuguliwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa katika kituo cha polisi mjini Kisii, Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa tisa alasiri.

Jina: Bathsheba Nyanchera. Umri: miaka 55. Kazi: kusugua vinyago vya mawe. Makao: Tabaka.

Mzee Ombati, aliye katika seli tangu asubuhi kwa madai ya wizi, ni kaka yangu. Hata akiwa na haki hunyamaza tu, tabia iliyotuudhi nyumbani tangu utotoni. Kwa hiyo nitasema mimi.

Mnamo mwaka wa 1989 Ombati alichaguliwa kwenda Nairobi kukimbia mita mia nne katika uwanja wa Kasarani. Nilimsindikiza. Sikuwa nimeona mahali kama pale: viti vingi kuliko watu wote wa Tabaka, na chini njia nyekundu inayong'aa kama kinyago kilichopakwa nta. Alipewa leni ya sita. Alimaliza wa tano. Nililia, yeye alicheka, akaninunulia soda, tukakaa pale juu hadi mfagiaji akatuuliza, "Kwani nyinyi hamna kwenu?" Ile siku naitamani mpaka leo.

Tuliporudi aliuchonga uwanja wote katika jiwe jeupe, ukubwa wa sahani. Kwetu wanaume huchonga, wanawake tunasugua kwa msasa ndani ya karai la maji. Aliponiletea alisema, "Bathsheba, sugua yote, lakini leni ya sita uiache." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hapo nilipita mimi." Mwaka uliofuata aliumia goti, hakurudi Kasarani tena. Uwanja wa jiwe ndio aliobaki nao. Huufunga kwa majani makavu ya migomba, na kila Krismasi huufungua tuutazame.

Jumatatu tarehe 6 Oktoba, saa mbili asubuhi, nilikuwa nafunga mzigo wa Abdirahim, mwenye duka la vinyago hapa mjini. Vinyago vyote tunavifunga kwa majani hayo hayo visivunjike. Ilipungua sahani moja ya mawe. Nikaona kifurushi cha ukubwa huo juu ya kabati la Ombati, nikadhani ndiyo, nikakitia guniani bila kukifungua. Kosa hilo ni langu.

Leo saa nne asubuhi mimi na Ombati tulipita mbele ya duka hilo. Aliuona uwanja wake dirishani. Aliingia, akauchukua, akatoka nao. Abdirahim akamwita, "Mzee, hiyo bado hujalipa." Ombati akajibu, "Hii haiuzwi," akaendelea kutembea. Watu wakamshika. Abdirahim simlaumu, hakujua. Lakini mimi nilijua pale pale, nikamwacha kaka yangu aitwe mwizi. Naona aibu sana.

Afande, kama huniamini, pitisha kidole kwenye leni ya sita.

Sina lingine la kuongeza. Nimesomewa maelezo haya, nayo ni yangu.

Sahihi: B. Nyanchera

Maandishi ya afisa: Shahidi aliombwa pia alama ya kidole gumba. Haikutokea, vidole vyake vimelainika kwa kazi ya msasa. Nilikikagua kielelezo mbele ya mlalamishi. Leni nyingine saba ni laini, ya sita inakwaruza. Mlalamishi ameondoa malalamishi yake. Mzee Ombati ameachiliwa saa kumi na dakika kumi na kukabidhiwa mali yake. Alimpa dada yake uwanja aubebe.

Konstebo Celestine Kemunto