Alfajiri Niliyonyamaza

Jumatatu, 1 Januari 2024

Sijamwambia mtu: sijaomba tangu Agosti. Kanisani nafumba macho, midomo inacheza, ndani hamna kitu. Sikukosana na Mungu. Hakuna aliyekufa. Ni kama bomba letu la uani — siku moja unafungua, maji hayatoki. Nilipomaliza shule walinipa cheti cha uchaji. Uchaji! Na mimi nahesabu mbao za dari.

Leo Wiki ya Maombi imeanza. Saa kumi na moja alfajiri kijiji kizima kimo kanisani. Ijumaa ni zamu ya vijana, na Shangazi Fusi amenitaja mbele ya watu: Meliame ndiye ataomba. Baba akatikisa kichwa kukubali. Angefanya nini? Dada yake akishasema, kwetu yamekwisha.

Jumatano, 3 Januari

Nimeandika sala mara nne, nimechana mara nne. Zilikuwa nzuri — hicho ndicho kinachonitisha. Kumwambia Mungu uongo uliopangwa vizuri, tena kwa niaba ya watu wote!

Shangazi ameniletea mkeka wa kiunoni wa marehemu bibi, wa kujifunga juu ya nguo kwenda ibadani; umekuwa mweusi kwa uzee. Akanifunga mwenyewe, akakaza kamba mpaka nikakohoa. "Simama wima. Bibi yako aliomba watu wakasahau njaa."

Kaka Sosaia akanitania kutoka jikoni, "Mimi sisahau! Mama Mchungaji, fupisha, viazi vikuu vinapoa!"

Nilicheka.

Ijumaa, 5 Januari

Nimesimama. Nikasema, "Baba yetu" — basi. Kimya. Nilimsikia mtoto akijikuna. Nilisikia mvua ikianza juu ya bati.

Ndipo mwanamke mmoja nyuma yangu akaanzisha wimbo, bila kinanda, kama wafanyavyo hapa mwombaji akizidiwa na machozi. Kanisa lote likadaka. Besi za wazee zilitetemesha benchi nililoshika. Nikaketi. Sikuimba, lakini nilizisikia mifupani.

Nje wakanikumbatia. Wanadhani nilizidiwa na Roho! Mchungaji hakuuachia mkono wangu: anataka Jumapili jioni nihitimishe wiki kwa sala. Na Baba alikuwa analia. Baba! Hakulia hata siku tulipomzika bibi.

Nikasema asante. Mungu wangu, nikasema asante!

Jumamosi, 6 Januari

Siwezi. Jana nilinyamaza tu, wakajidanganya wenyewe. Kesho nitakuwa nimewadanganya mimi.

Jumapili, 7 Januari

Baada ya chakula wote wamelala. Nimekwenda kwa Shangazi. Alikuwa amejinyoosha sakafuni anajipepea. Nikamwambia yote, tangu Agosti. Akaacha kujipepea.

"Unadhani wimbo ule alianzisha nani?"

Akajiinua kwa kiwiko, akanitazama.

"Mimi. Watu waliona machozi. Mimi niliona umekauka. Naujua huo ukavu, mwanangu."

Mumewe alipofariki, hakuomba miaka miwili. Miwili! Shangazi, kiongozi wa kwaya! Alivaa, akaenda, akakaa katikati ya watu. Siku nyingine hata mdomo hakufungua. "Nilikuwa sina changu, nikawa naazima chao. Wewe unadhani ibada ni mzigo wa kubeba peke yako? Mbona tunakwenda wengi?"

Nikauliza maombi yalirudi lini.

"Sikumbuki siku. Nilishtuka tu naimba."

Nikauliza, na leo jioni je? Akaanza tena kujipepea. "Sema la kweli au keti. Ila kuja, uje. Ukikwama, nipo benchi la tatu."

Kengele ya kwanza imelia. Mkeka nimefunga mwenyewe, umekaa upande. Karatasi ya tano nimeichana pia. Nimebaki na sentensi moja: Bwana, sina cha kukuambia, lakini nimekuja. Ni ya kweli. Nikiisema, Baba ataelewa kuhusu Ijumaa. Wote wataelewa.

Baba yupo mlangoni sasa, shati jeupe, kitabu cha nyimbo kwapani. "Meliame, twende, mama. Watu wanakungoja." Anatabasamu.

Kengele ya pili. Daftari, siri yangu huenda wakaisikia sasa hivi. Lakini ile miaka miwili ya Shangazi — hiyo tumeisikia wewe na mimi tu. Usimwambie mtu.