Miiba Nimeitoa Mwenyewe

Baba Akinyi, mzee wangu, baridi ya Olenguruone haijakumaliza?

Hapa Nakuru daktari wa utafiti alinifunga macho, akanigusa vidole kwa uzi mwembamba wa nailoni, aone kama ule mshipa wa fahamu uliokatwa na panga umepona.

"Shosho, sema ukihisi."

"Gumba. Cha kati. Na hapo hujanigusa, wacha uongo!"

Alicheka, akasema mkono umerudi.

Nikaenda kuagiza samaki mzima. Nikala nikitazama watu, na vidole vikakamata kila mwiba kabla haujafika mdomoni. Tangu niumie, wewe ndiye unayenichambulia samaki huku wako anapoa. Imetosha! Nikirudi, kula wako akiwa moto. Umekonda, na mimi nakutaka mnene.

Mama Akinyi