Dawa Aliyosema M'Ikiara

Meru, Jumanne, Julai 1955. Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Shati nililofua Jumapili bado bichi.

Leo mama mmoja amekufa, na mkono wangu umo.

Kazi yangu hospitalini ni kufagia na kubeba ndoo. Lakini kwetu Maragoli nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo madaktari huniita niwe mkalimani mgonjwa akijua Kiswahili. Daktari mkubwa anamfundisha daktari kijana, aliyetoka Ulaya kusomea mambo ya sumu. Huyo kijana anakusanya mizizi, majani, hata sumu ya mishale kutoka Mbeere, na kila mgonjwa anamwandika kitabuni. Mkubwa amemzoesha maswali matatu: Amekula nini? Kiasi gani? Saa ngapi? Nimeyauliza mara nyingi mpaka nikaanza kujiona daktari kidogo.

Naam, nilijiona.

Asubuhi M'Ikiara, mkulima wa Kanyakine, alimleta mke wake kwenye machela. Alikuwa akitapika na kuharisha, macho yamezama. Nikauliza swali la kwanza.

"Amekunywa dawa, ndugu yangu," M'Ikiara akasema. "Ile ya kwa chupa."

Nikamgeukia daktari kijana. "Medisini," nikasema.

Sikuuliza dawa gani. Kuna dawa ya kikohozi, na kuna dawa ya panya. Neno ni lile lile, nalijua tangu utotoni. Lakini daktari alikuwa ameshika kalamu akingoja, na nilitaka aone jinsi ninavyojibu upesi.

Akaandika. Wakafikiri ni tumbo la maji machafu, lile linalowasumbua watu waliohamishiwa vijiji vipya na serikali. Hawakumwosha tumbo. Saa sita mchana mama akakata roho.

Hapo ndipo M'Ikiara alitoa chupa kotini. Dawa ya josho, ya kuogeshea ng'ombe. Alisema tangu wahamishwe kijijini, vitu vyote vinakaa chumba kimoja. Mke wake aliumwa tumbo, akaikuta chupa, akadhani ni ile waliyopewa hospitalini.

Daktari mkubwa alifungua kitabu, akasoma, akaitazama chupa. Akasema huyu mtu alificha sumu, huenda ndiye aliyempa mkewe. Daktari kijana akaniuliza kama M'Ikiara alisema vile hasa, dawa ya kutibu.

Nikasema ndiyo.

Askari wakaitwa. Siku hizi za Hali ya Hatari, mtu wa huku hahitaji kosa kubwa ili apelekwe kizuizini. Walimfunga M'Ikiara mikono, mkewe bado yuko kitandani, hajafunikwa uso. Akanitazama.

"Waambie, ndugu. Si ni wewe nilikwambia?"

Nikashika ufagio.

Nimerudi mtaani kwetu, Majengo, mapema. Mzee Sefu, mwenye nyumba yangu, alikuwa buchani kwake akikata mbavu. Akanipigia kelele kama kila siku, "Haya, daktari wa ufagio! Leo umemponya nani?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi wewe ni daktari kweli!" Wateja wakacheka. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Sijala. Nahesabu sababu za kunyamaza. Watanifukuza. Nitarudi Maragoli mikono mitupu, na Rasoa mke wangu anangoja mabati tangu mwaka juzi. Labda wataniweka ndani mimi pia kwa kusema uongo uliomfungisha mtu. Halafu namwona M'Ikiara, amekosa hata kumzika mke wake, kwa sababu alinijibu kweli na mimi nikaitafsiri nusu.

Huyo daktari kijana naye atajifunza vibaya. Ataenda na kitabu chake akiamini kwamba watu wa huku huficha sumu. Hawakuificha. Waliitaja kwa jina.

Nimechana karatasi nyuma ya daftari hili. Nimeandika kwa Kiingereza changu, nikafuta, nikaandika tena: kwamba alisema dawa, kwamba dawa ni ya kuponya na ya kuua pia, kwamba mimi sikuuliza. Nimeweka jina langu chini, nisije nikajifanya nimesahau.

Asubuhi nitampa daktari kijana kabla sijagusa ndoo. Mguu wangu ukisita mlangoni, je, nitausukuma?

Karatasi iko kwenye mfuko wa shati. Nitalivaa hivyo hivyo, bichi.