Nimeondoka na Ufunguo wa Choo cha Walimu

Jumanne, Mukuyuni. Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwa meno, na mimi naandika nikiwa na hasira. Leo msinitafutie maneno matamu.

Jana nilimpeleka Mwende, binti yangu wa miaka kumi, kliniki. Maambukizi ya mkojo tena, mara ya tatu muhula huu. Nesi akamuuliza hunywa maji kiasi gani. Mwende hatembei, anatumia kiti cha magurudumu, lakini mdomo wake hauna shida hata kidogo, kutwa ni kuongea tu. Jana alinong'ona.

"Mami, shuleni sinywi. Nikinywa nitasikia mkojo."

Uji wa saa nne huwapa wenzake. Anakaa hivyo, koo kavu, kwa hili joto letu, mpaka nimchukue saa tisa. Vyoo vya wanafunzi vina ngazi na milango myembamba, kiti hakipiti. Siku moja alijaribu, akashuka, akatambaa kwa mikono juu ya mkojo wa watoto wengine. Hakuniambia mpaka jana. Alinawa akanyamaza.

Na choo chake kipo!

Kilijengwa na wafadhili mwaka jana. Mlango mpana, njia ya simiti ya kupandisha kiti, vyuma vya kushikilia, hata mchoro wa kiti ukutani. Siku ya kukifungua sisi wazazi tulipika, tukaimba. Mimi ndiye nilisimamishwa kutoa shukrani, na nilishukuru mpaka nikalia. Mjinga mimi.

Leo saa mbili nilikuwa kwa huo mlango. Kufuli. Nikachungulia dirishani: magunia ya maharagwe, viti vya plastiki vya wageni, na ile plastiki iliyofunika sinki bado haijatolewa. Aiya! Hakuna mtoto hata mmoja amewahi kukitumia.

Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri kwa ofisi ya walimu, akanivutia kiti. "Mama Mwende, hicho choo tunakitunza. Watoto watakiharibu, na wafadhili wakija tutawaonyesha nini?" Nikamwambia afungue leo. Akasema mpaka bodi ikae, na bodi itakaa muhula ujao.

Mnajua kitu kinachoniuma? Nilikaribia kusema asante.

Ndiyo. Kwa sababu mimi ndiye nimekuwa nikimwambia Mwende kila asubuhi asiwasumbue walimu, ashukuru wamemchukua. Kubana mkojo nimemfundisha mimi mwenyewe, na hilo sijui nitalimeza vipi.

Basi nikainuka. Ufunguo wa choo cha walimu huning'inia kwa msumari hapo mlangoni, umefungiwa kipande cha mti usipotee. Nikautoa. "Sawa, Mwalimu. Na hiki choo chenu acha nikitunze, kisiharibike, mpaka bodi ikae. Vya watoto viko hapo nyuma." Nikatoka saa tatu kamili, kipande cha mti ndani ya kikapu, na woga nilikuwa nao, sitadanganya.

Saa tano naibu wake, Madam Kavata, akapiga. Sikushika. Saa sita mkuu mwenyewe akapiga, mara tatu. Sikushika. Saa saba ukaingia ujumbe: bodi imekaa kwa simu, magunia yametolewa, tafadhali Mama Mwende, rudisha ufunguo.

Masaa manne!

Watu wazima, wana miguu yao mizima, na vyoo vya watoto viko wazi hatua chache tu. Wameshindwa kuvumilia masaa manne. Na mtoto wangu je?

Nimesoma huo ujumbe nikacheka, halafu nikalia jikoni kwa hasira tupu.

Kesho ufunguo nitaupeleka mwenyewe, nikisukuma kiti. Mwende ataingia kwanza kwa choo chake, afunge mlango, akae muda anaotaka. Walimu wangoje ufunguo wao nje mpaka amalize.