Suruali za Baba Baada ya Upasuaji

Nyumbani,
nyuma ya duka la kushonea.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Hujambo huko na baridi yako? Shemeji mzima? Na mpwa wangu, bado anafanana na wewe au Mungu amemhurumia? Sisi tupo, na mimi nimezidi kupendeza, nikipita mtaani watu wanasahau walikokuwa wanakwenda.

Sasa baba. Tangu wampasue wakaondoa saratani pamoja na nusu ya tumbo la chakula, kila wiki unaniuliza kama anakonda. Nami nikakujibu kwa maringo: hakondi, suruali zinamkaa vilevile. Dada, nilikudanganya bila kujua. Kila Jumamosi alikuwa anatufukuza dukani eti anatia mafuta cherehani, kumbe fundi wetu anabana viuno vya suruali zake mwenyewe.

Mizani ya hospitali haina aibu. Kilo kumi na moja zimekwenda, zimebaki hamsini na moja. Daktari akasema akishuka chini ya hamsini hataanza dripu za kumalizia saratani, mwili hautazimudu. Mama akatafuta benchi akakaa.

Tulipotoka nikamwuliza baba, "Mzee, ulikuwa unamficha nani?"

"Mama yako. Wewe ni nani hata nikufiche?"

Hata mgonjwa ananionea.

Tangu siku hiyo mimi ndiye bwana chakula. Anakula mara sita, kidogo kidogo. Akila kwa pupa moyo unamwenda mbio na jasho linamtoka. Uji wa maziwa napika mimi, niliyeshindwa na darasa la saba, na umeungua mara mbili tu. Akiukataa nakaa mbele yake naimba, anaunywa ili ninyamaze.

Juzi amepimwa: hamsini na mbili na nusu. Dripu inaanza Jumatano. Jana akanitupia suruali ya kijivu. "Fumua kiunoni, uachie kidogo. Kidogo tu, usijidai."

Mimi ninayefumua mshono huku napiga soga, kiuno kimoja kilinichukua saa nzima. Uzi nilikuwa siuoni vizuri. Usimwambie.

Ukipiga simu usimwulize kilo. Mwulize amekula nini, akujibu kwa raha.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Msalimie shemeji, mbusu mpwa. Mola awafunike huko mliko.

Mdogo wako akupendaye kuliko unavyostahili,
Fundi Mkuu (baba hajakubali bado)