Mfukuze Tai Wangu, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Mimi mwili ni mzima, ingawa theluji huku Austria imefika madirishani. Hasira ndiyo imenijaa. Nimengoja ipoe kabla sijashika kalamu, imekataa.

Barua uliyomwambia Eliakimu aniandikie nimeipata, pamoja na picha. Naona bati la jiko letu, na juu yake amekaa tai wangu mwenye ndevu. Bawani ana yale manyoya niliyompaka rangi nyeupe ili tumtambue akiwa angani. Chini amesimama huyohuyo mdogo wangu Eliakimu, mikono kiunoni, na wazungu wenye kamera. Nyuma ya picha kaandika, "Dada, mtoto wako amekuja kutusalimia, na mimi nimepata kazi." Najua tangu biashara iwe huria kila mwenye gari kuukuu pale Arusha ni kampuni ya utalii, lakini sikutegemea jiko la mama yangu liwe kituo.

Eliakimu, unapomsomea Mama hapa usiruke mstari. Ndege huyu nilimlisha huku kazini kwangu, kupitia tundu la ukutani, tangu akiwa kinda mpaka aliposafirishwa kuja kuachiwa huko Meru. Nikitaka kukohoa, nilitoka nje. Hakuwahi kuuona uso wangu, maana tai aliyezoea watu hutua popote penye watu, hata kwa yule aliyetega nyama ya sumu akisubiri fisi. Wale aliowaona Mama akiwa msichana, akikata majani kule Momela, waliisha hivyohivyo. Mkubwa wangu wa kazi ameshasema: akizidi kushuka majumbani atakamatwa, akae ndani ya banda la waya mpaka afe. Wewe umepiga picha ukacheka.

Sasa wewe, Mama. Unasema ulimpa mifupa ya supu kwa sababu katoka kwangu, na huwezi kumfukuza mgeni aliyetumwa na binti yako. Nilipofika hapo nilipiga meza, kisha nikalia. Sikumtuma, Mama. Hana salamu zangu. Kwao ni kule juu kwenye miamba ya Meru, na mifupa ya nyati iko hukohuko. Mimi ndiye niliye ugenini.

Akitua tena, piga sufuria. Mrushie mawe, mfungulie mbwa. Usimwonee huruma kwa ajili yangu, nitakasirika zaidi.

Nisalimie shangazi anayeuza ndizi Ngaramtoni, na baba mdogo, mwalimu wa kwaya. Eliakimu simsalimii mpaka hao wazungu waondoke uani.

Mifupa ya supu niwekee mimi. Siku nitakayosimama hapo mlangoni, ndipo uinjike sufuria.

Ni mimi mwanao, wa kulishwa na wewe,
Elinipa