Lavabo Aliyoziba Asende

Baraka. Jumanne, 2 juni 1998

Maji imekuja tena mbele ya jogoo kuwika. Niliisikia katika usingizi. Nikasema ni ziwa, nikafurahi. Nikashusha miguu chini: baridi mpaka kwenye kifundo. Si ziwa. Ni lavabo, beseni ya kunawia katika chumba cha kuogea.

Toka bantu ba mission batengeneze tiyo, bomba ya maji yenye kushuka kutoka kilimani, avenue nzima, bantu bote ba njia yetu, inashangilia. Mi hapana. Robine yetu ya kufungia maji basoda baliifungua, bakaenda nayo. Imebaki kipande cha tiyo ukutani. Maji ikikuja inakuja tu, kuziba na kijiti inakitema. Lavabo inajaa, kizibo imekwama, inamwagika chini. Na kuta zetu ni tofali mbichi. Leo nimegusa ukuta wa chumba, kidole kikaingia kama kwenye bugali.

Kizibo ile Asende bwana yangu njo aliifunga. Asubui ya kukimbia vita, bantu bote banafunga mizigo, yeye amepiga magoti mbele ya lavabo na pamba na mawese yake ya kuziba mitumbwi. Eti nyoka asipite kwa tiyo akakaa katika nyumba yake. Nilimutukana. Mutoto analia, risasi inasikika, wewe unaziba lavabo! Akacheka. Akamaliza kwanza.

Kisha Fizi, milima, njaa. Akashuka Kazimia kututafutia njia ya ng'ambo. Boti, yeye mwenyewe aliiziba, ilitoka Kazimia naye ndani. Haikufika pahali popote.

Alhamisi, 4 juni

Maji ya moto. Sabuni. Kisu. Maji ya moto tena, ndoo kwa ndoo. Kizibo haitikisiki. Nimeitukana kwa Kibembe, nikaongeza Kifaransa. Hasira tupu.

Kukata tiyo inje haiwezekani, avenue nzima itakosa maji na mi nitakosa majirani.

Naandika jambo ambalo sitalisema. Tuliporudi, kila kitu chake kilikuwa kimekwenda. Nguo, nyundo, mulango aliouchonga, baliuchoma kama kuni. Mikono yake imebaki pale tu, kwenye tundu ya lavabo. Nikiitoa ile kizibo, nitakuwa nimesema amekufa. Nisipoitoa, nyumba aliyoijenga itaanguka. Sitaki hii, sitaki ile.

Jumamosi, 6 juni

Baba mukwe analala jikoni kwetu, inje. Fundi wa mitumbwi. Asende alijifunza kwake. Angeingia, kazi ingeisha mara moja. Lakini baba mukwe haingii pahali bibi ya mutoto wake anaogea. Vita iliondoa mabati, mbuzi, na bantu. Haikuondoa ile desturi.

Hata kusema na mi anapita kwa Neema, binti yangu. Mi niko mbele yake nachambua sombe, majani ya muhogo, na yeye: "Neema, ambia mama yako chumvi imekwisha." Neema anageuka, ananiambia. Nimesikia, baba! Siwezi kusema vile. Namwambia Neema, Neema anamwambia yeye. Siku ingine nitacheka mbele yao nife.

Matanga ya Asende, baba mukwe amekataa. Mwenye hajazikwa hajafa, njo anavyosema. Ndugu bakamuacha. Mi pia nilinyamaza. Ilinifaa.

Jumapili, 7 juni

Ufa kwenye ukuta. Mukono wa Neema unapita.

Kutoka kanisani, baba mukwe akamutuma Neema aniulize ninafanya nini na ile kizibo. Nikajibu: naimwagia maji ya moto, baba, usiku na mucana. Akashika kichwa. Akasahau Neema, akasemea hewa: "Maji? Anaimwagia maji? Mama yangu wee!"

Pamba ya mutumbwi inawekwa kavu. Maji yenyewe njo inaifunga, inavimba, inashika mbao. Kila muvuvi wa huku anajua. Nimekula samaki wa fundi miaka yote hii, nikafua nguo zenye mawese, nikalala na harufu ile, na sikuwaza. Nimekaza mwenyewe. Kila ndoo, nimekaza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha haikuwa kicheko tena.

Jumatano, 10 juni

Kukausha. Nakaa chumba cha kuogea na beseni chini ya tiyo. Beseni ikijaa, bamama ba majirani bako mulangoni na ndoo zao, banapokea, banaleta ingine. Kumbe nimekuwa fonteni ya quartier, bomba ya mutaa wote. Banapiga hadithi, bananiulizia Asende kwa macho tu. Lavabo imekauka, nyeupe, na kizunguko cha manjano katikati pale vidole vyake vilipita.

Joto ya mucana ilinilaza pale pale kwenye kiti. Nikaona nyumba yetu inaelea. Si vibaya, taratibu tu, inapita mbele ya Kazimia, bantu banatupungia. Asende anatembea chini yake, chini ya maji, anapapasa mbao kutafuta pahali panapovuja. Nikamuita apande akule. Akanionyesha kidole: ngoja, nimalize kwanza.

Nimeamka beseni imefurika miguuni. Nilitaka kurudi kule. Nasema kweli, nilitaka kubaki.

Ijumaa, 12 juni

Baba mukwe inje, chini ya dirisha, amegeuza mugongo. Mi ndani na musumari uliopindwa. Anamwambia Neema, Neema ananipigia kelele: tafuta mwisho wa pamba, fundi anauacha upande wa kuume, ukiushika yote itafuata. Natafuta. Hakuna. Nachokoa, navunja kucha. Hakuna mwisho.

Basi ukuta ukatoa sauti. Kipande kikubwa kikaanguka juu ya kitanda, vumbi, naona mucana pale palikuwa picha. Nililia kwa sauti yote. Si kwa sababu ya ukuta.

Kisha sauti ya baba mukwe inje, bila Neema, mara ya kwanza toka niolewe: "Mama Neema. Toka humo. Ondoa nguo zako na sabuni yako. Naingia."

Kwanza akanipa kuku wake, yule mumoja aliyebaki naye, mukononi, kulipia heshima aliyoivunja. Nikamupokea kwa mikono miwili, nimepiga magoti. Hakuniangalia.

Nikasimama uani na kuku. Nikasikia anakwaruza. Anakohoa. Anakwaruza. Kisha akasema peke yake, pole pole: "Kushoto. Mutoto wangu ni wa mukono wa kushoto." Kisha maji ya tiyo ikaanza kuanguka, ikashuka katika tundu, nikaiona inatoka nyuma ya nyumba, inaingia mugombani.

Alitoka na pamba kwenye kiganja, ndefu, nzima, ingali na mafuta. Machozi yanashuka kwenye ndevu, hayapanguzi. Akanitazama uso. Akasema: "Aliziba vizuri. Hii haingevuja. Kama boti ilizama, haikuwa kosa la mikono yake." Na kisha: "Amekufa, mwanangu. Tuweke matanga."

Nilijua hayo. Lakini yeye njo alipaswa kuyasema.

Jumatatu, 15 juni

Matanga. Bantu baliteremuka hata kutoka Fizi, ijapokuwa barrière ni nyingi, basoda banafunga njia. Banasema kule juu kuna manung'uniko tena, basoda banahesabu bavijana. Sitaki kusikia.

Mwenye mwili wake umepotea, sisi tunazika mugomba. Bandugu balikata mugomba urefu wa muntu, bakaulaza juu ya shuka. Kabla ya kufunga, baba mukwe akasogea, akaweka ile pamba pale ambapo mukono wa kushoto ungekuwa. Bamama balianza kuimba.

Balininyoa nywele zote, desturi ya mujane. Neema alikataa kunitazama, kisha akaja kugusa kichwa. Sasa ananicheka.

Alhamisi, 18 juni

Bageni balirudi kwao. Baba mukwe anafinyanga tofali na majirani, ukuta utapanda tena mbele ya mwezi kwisha. Ananiambia mwenyewe lete maji, lete nyasi. Neema amekosa kazi.

Asubui maji imekuja. Nililala tu, nikaisikiliza. Inaanguka, inashuka, inakwenda inje. Niliota tena? Hapana. Sikuota kitu.

Nikaamka, nikanawa uso kwenye lavabo. Nikanawa na kichwa. Bila nywele, maji ya kilimani ni baridi sana.